Sema Kama Kinavyosema

Dada yangu mpenzi,

Ting. Mlio huo mdogo umenikaa masikioni wiki ya nne sasa. Hata kijiko kikigonga kikombe nageuza shingo. Lakini salamu kwanza, usije ukasema chuo kimenivua adabu. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma halafu anamsingizia paka? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, na nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenichekesha nikaishia hapo.

Unajua nimepangiwa darasa la pili kwa mazoezi ya kufundisha. Kila mtoto ana kishikwambi chake na visikilizio masikioni. Kishikwambi husoma sentensi, mtoto huirudia. Akipatia, kinalia ting, akikosea, kioo kinakuwa chekundu. Kila Ijumaa chenyewe hupanga majina, wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu mkuu husema huyo ndiye mwalimu pekee asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani.

Mimi sikukiamini. Watoto walikuwa wanapatia mno. Nikawa napita nyuma yao, nikaona wengine wanatazama dirishani huku midomo inasoma. Nilimweleza mwalimu wa darasa, ambaye shule nzima humwita Mama Chaki. Akanijibu kwamba kikilia, mtoto kajua, na nisitafute mchawi.

Kisha tukafika kwenye sentensi hii: "Fundi alifanya kazi yake barabara." Wewe na mimi tungetia mkazo kwenye "ra" ya kwanza, kwa maana ya sawasawa. Kishikwambi kiliisoma kama barabara ya magari. Darasa zima likarudia hivyo hivyo, ting, ting, ting. Binti wa seremala peke yake aliitamka inavyopaswa, kwa kuwa nyumbani humsikia baba yake akiisifu meza kwa neno hilo. Kioo kikawa chekundu, mara tatu. Halikuwa neno la kwanza kukataliwa. Ijumaa hiyo jina lake lilikuwa chini kabisa, na Mama Chaki akasema huenda akarudishwa darasa la kwanza.

Jumatatu niliandika ubaoni maneno yale yale, nikiyapangua tu, nikawaambia wavue visikilizio wasome. Wakanitumbulia macho. Aliyesoma ni binti wa seremala.

Ungedhani hapo nilisimama kumtetea. Dada, sikumtetea. Kesho yake msimamizi wangu alikuja kutoka chuoni, akakaa nyuma na karatasi yake ya alama. Nilipoona kioo cha yule mtoto kinakuwa chekundu tena, niliinama nikamnong'oneza, "Sema kama kinavyosema."

Akaniuliza, "Lakini mwalimu, hiyo si njia ya magari?"

Nikamwambia najua, aseme hivyo hivyo. Akasema. Kikalia, msimamizi akaandika. Zile alama za juu ulizozitangaza mtaa mzima zilitoka hapo.

Tangu siku hiyo mtoto hasomi tena neno lolote kabla hajalisikia. Jana nilimpa kitabu cha karatasi, akakifungua, kisha akaniuliza asome anavyojua yeye au ninavyotaka mimi. Hakusema kishikwambi. Alisema mimi. Nimekuwa nikikishuku kile kioo mwezi mzima, na sikujishuku mwenyewe hata siku moja.

Nisalimie shemeji, na majirani wote uliowapa habari njema. Utajua mwenyewe namna ya kuwaambia. Usikasirike sana. Asubuhi hii, mbele ya darasa, nilimwomba mtoto radhi. Kisha nikapeleka barua mbili, moja kwa mwalimu mkuu kwamba majina ya Ijumaa si ya kweli na binti huyo asirudishwe, nyingine kwa msimamizi, nikieleza nilichomnong'oneza mtoto na kuomba alama zangu zifutwe, hata kama nitarudia mazoezi yote mwakani. Zote mbili zimepokelewa.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.