Ndoo ya Bombani

Jumanne, Kilole

Leo tena bombani nimemwomba jirani anitwishe ndoo, mimi niliyekuwa najitwisha mwenyewe! Bega la kulia halipandi kabisa.

Daktari wa hapa Korogwe amenieleza vizuri. Siku hizi si lazima wapasue bega zima. Wanatoboa vitundu, wanaingiza kamera nyembamba kama kalamu, wanashona msuli uliochanika. Ila bingwa wa kazi hiyo yuko Dar.

Naogopa ile dawa ya usingizi. Nisipoamka je...

Nitakwenda tu. Swali langu la kwanza kwa huyo bingwa nimeshaliandika: umeshashona mabega mangapi kwa njia hii?

Mume wangu amenuna. "Mama Asha, kwani hapa umekosa wa kukutwisha?"

Nikamjibu, "Wapo wengi. Ndiyo maana naenda."