Mheshimiwa Wangu Hakuwa Langoni

Mama Jerusha, pokea salamu kutoka Muaither, huku kwa Waarabu. Mimi husoma safu yako kila Alhamisi nikiwa kwa basi la kampuni, na nimekuwa nikicheka sana ukiwagombeza watu, sikujua siku yangu iko njiani, sasa imefika, naomba unijibu kabla ya Jumapili.

Mimi ni msimamizi wa walinzi kwenye kompaundi moja ya majumba makubwa, nina walinzi tisa chini yangu, na mmoja wao ni Mheshimiwa Athanas, na nikisema Mheshimiwa sifanyi mzaha, huyu mzee alikuwa MCA wetu kule Nyamira, alichaguliwa mwaka wa 2017 akaketi kwa bunge la kaunti miaka mitano mizima. Mwaka wake wa kwanza alifanya jambo ambalo kwetu halikuwa limewahi kufanywa, alichukua orodha ya basari za karo akasimama kwa uwanja wa chifu akaisoma yote kwa sauti, jina moja moja na sababu yake, na langu lilikuwa la nne, "Laban, mama ni mjane, amebakisha miaka miwili," mama yangu akalia mpaka akakalia nyasi, na ndiyo mimi nikamaliza shule. Lakini mtoto wa kakake mwenyewe hakuwemo, kwa sababu kakake ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na ukoo ukaapa utamwonyesha, 2022 wakampigia mpinzani kampeni nyumba kwa nyumba, akaanguka kwa kura chache tu, na kabla matokeo hayajamaliza kusomwa alikuwa ashampa mshindi mkono.

Mwaka jana nimeenda kupokea walinzi wapya kempu, nani huyo anashuka kwa basi? Mheshimiwa, na koti la suti, kwa lile joto la Agosti! Nikapaza sauti, "Mheshimiwa!" na tangu siku hiyo kempu nzima inamwita hivyo, hata Wanepali. Tunampenda, Mama. Mikutano ya chumba anaiendesha kwa kanuni za bunge, ukimkatiza mwenzako anayeongea kuhusu zamu ya kuosha choo anakwambia, "Uko nje ya utaratibu, keti chini." Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, tukienda kanisani Mesaimeer watu wa nyumbani wanamzunguka wakimsihi arudi agombee 2027, naye anacheka tu, lakini mimi naona vile macho yake yanawaka.

Shida ni kwamba hajawahi kuacha kazi ya wadi. Nyuma ya kibanda cha walinzi ameweka kreti mbili, moja ya kukalia yeye na moja ya mwananchi, na wasichana wa kazi za nyumbani na wale wa kutunza bustani wanamletea mikataba awasomee, mwingine amenyimwa siku ya mapumziko, anamwandikia barua. "Dakika kumi tu, Laban," ananiambia, naye huyo, na mimi kwa kitabu cha matukio naandika yuko langoni, kwa sababu ningemkataza vipi mtu aliyesoma jina langu?

Sasa Jumanne saa nne asubuhi ambulensi ikaja kuchukua mama mjamzito, kizuizi kimefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa Mheshimiwa kule nyuma, na aliyekimbia langoni ni Nafula, mlinzi mwenzake, ambaye zamu yake ilikuwa kukagua magari, akapapasa kila mahali akiutafuta, dakika sita nzima, ndio Mheshimiwa akatokea mbio na kofia mkononi. Yule mama alijifungua salama, mtoto msichana, lakini mumewe akalalamika, na kamera inaonyesha Nafula peke yake akihangaika. Nami, Mungu anisamehe, nilipojaza kitabu niliandika kwamba saa nne lango lilikuwa la Nafula.

Mudir, yaani meneja wetu, ameshasema Nafula atapanda ndege arudi kwao, anangoja tu ripoti yangu yenye sahihi Jumapili. Nilipomweleza Nafula akaniambia, "Wewe andika tu. Mheshimiwa ni baba kwangu, ndiye aliniandikia barua nikarudishiwa simu yangu. Mimi simtaji." Ana watoto wawili Bungoma. Na Mheshimiwa hajui kwamba lawama imemwangukia Nafula, ameniuliza mara mbili, nikamjibu, "Yameisha, Mheshimiwa, usijali," nikamhamishia lango la nyuma. Tayari ana maonyo mawili kutoka kituo alichopangiwa kwanza kabla ya kuletwa kwangu, yote ya kuacha lango, na la tatu ni kufukuzwa, na huko nyumbani wapinzani wake watalitangaza hilo kila soko. Silali, Mama. Niandike nini?

Laban, Muaither

Mama Jerusha anajibu

Laban mwanangu, hapo kwa koti la suti nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Kisha nikafika kwa Nafula, kicheko kikakatika.

Huyo mzee wako nimempenda na sijawahi kumwona. Ningekuwa wa wadi yenu ningempigia kura mchana kweupe. Lakini mimi nimezaa mara tatu, na dakika sita mbele ya kizuizi kilichofungwa ni nyingi mno, wacha nikwambie. Mambo kuisha salama ni rehema ya Mungu, hukuchangia chochote hapo wewe wala yeye.

Hebu nikuulize. Mheshimiwa aliangushwa kwa nini? Umeniandikia mwenyewe! Ukoo ulitaka atoe mtoto wa mjane aweke mtu wao, akakataa, na kiti kikaenda. Sasa wewe, wa nne kwa orodha ile ile, umeshika kalamu ukatoa jina la mtu wako ukaweka la mama wa watoto wawili asiye na wa kumtetea. Alichokataa kufanyia kakake, wewe umemfanyia bila kumuuliza. Aibu, Laban. Na huyo Nafula anayenyamaza kwa wema wake, unamwachia abebe begi lake aende?

Jumapili ni mbali. Leo ukitoka zamu nunua chai mbili za karak, nenda nyuma ya kibanda, ukalie ile kreti ya mwananchi. Mweleze yote: kamera, kitabu, Nafula, mudir. Usipambe. Ukimaliza funga mdomo, umwachie nafasi. Mtu aliyempa mshindi mkono kabla hesabu haijaisha, nadhani ataomba kalamu aandike maelezo yake mwenyewe. Asipoandika, utaandika wewe, nami nitakuwa nimemsoma vibaya.

Kile kitabu usikichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya uongo, andika ukweli chini yake, utie sahihi, na uongeze kwamba ulikuwa unajua anatoka na ukamfichia. Utapata onyo, ndiyo. Lipokee, ni lako. Nafula umwombe msamaha mbele ya mudir, si kwa meseji. Kisha ndio umtetee mzee wako kwa nguvu zako zote: andika alikuwa akimsomea nani mkataba, wasije wakasema alikuwa amelala, na uombe apewe kazi isiyo na ufunguo, maana langoni, tuseme tu ukweli, hafai hata kidogo.

Na wakimrudisha nyumbani? Atasimama aeleze watu kilichotokea. Kusimama anajua. Asichoweza kukieleza ni mwanamke aliyefukuzwa kwa kosa lake huku yeye akiendelea kuwaendeshea mikutano ya choo.

Ukienda kumwambia, umwite Mheshimiwa vile vile. Alisimama mbele ya wadi nzima akasoma jina lako mpaka mama yako akakalia nyasi. Sasa soma lake.