Bati za Ghala la Baba Mdogo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na ng'ombe amezaa salama. Mimi ni mzima. Huku Ufini theluji imefika dirishani, nami natembea kama bata. Wiki hii sijaanguka, kwa hiyo tuseme nimeendelea.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu ya jambo lenyewe. Nyumbani simu inashika pale tu penye ua wa masale, mpakani na Baba Mdogo. Jumapili Mama alininong'oneza: "Baba yako ameapa, ghala la mdogo wake litabomolewa kabla ya mvua, ati limeingia kwenye shamba letu la kihamba. Usiniulize zaidi, huyo mdogo wake yuko hapo ng'ambo anapalilia kahawa, atasikia." Basi nikamuuliza habari za kwaya.

Uliwahi kuniuliza nasomea nini, nikajibu "mambo ya simu", ukaniona mvivu wa kueleza. Ni hivi. Kuna kibao cha kubandika ukutani, kimejaa vipande vidogo vinavyoamriwa na kompyuta. Wimbi la redio likikigonga, kinaligeuza liende tunakotaka. Hakiliongezei nguvu, kinaligeuza tu, kama unavyolaza gogo la mgomba kwenye mfereji wa mfongo maji yaende shamba la pili. Kazi yangu ni kupiga hesabu ya namna wimbi hilo linavyotawanyika, pamoja na lile linalopotea pembeni.

Kwa muda mrefu hesabu na vipimo vilikataa kupatana. Profesa alinyamaza, na Wafini wakinyamaza hujui kama ni hasira au ni chakula cha mchana. Kumbe kabati la chuma lililokuwa kwenye kona ya maabara nalo lilikuwa likirudisha mawimbi, na sikulihesabu. Tulipolitoa, mambo yakakaa sawa.

Hapo nikakumbuka nyumbani. Unakumbuka upepo ulipong'oa bati za ghala lile? Simu zikafa, tukailaani kampuni mpaka tukachoka. Baba Mdogo alipoezeka upya zikarudi, nasi tukasema fundi wa mnara amepita. Hakuna fundi aliyepita, Baba. Mnara uko nyuma ya kilima. Sauti yangu inamfikia Mama kwa kugonga bati za mdogo wako.

Nani ana haki kuhusu mpaka, sijui. Hesabu zangu hazifiki huko. Ila ukilibomoa utapata kipande chako cha udongo, na Mama atasimama penye masale akiongea na simu iliyokufa. Hilo linaniuma, nasema wazi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba aliyeletewa jani la sale hakatai kusamehe. Masale yameota hapo hapo mpakani. Chuma jani moja, vuka nalo.

Mfikishie Bibi shikamoo yangu, na dada yangu mwambie soksi alizonifumia ndizo zinazonisitiri. Baba Mdogo naye msalimie, kwa mdomo wako mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada nitapiga kama kawaida. Ikiita, nitajua.

Binti yako,
Aikande