Samaki Wako Wamezaa

Nyumba Na. 9, ghorofa ya pili
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu tele. U hali gani huko, na kikohozi cha mkeo kimetulia? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani. Baba si mzima, sitakuficha. Daktari anasema mapafu yamechoka, tusihesabu miezi mingi.

Nyumba imepoa tangu tumzike Mama bila wewe. Baba hajalitaja jina lako toka siku ile. Nikilitaja mimi, anageukia dirishani.

Wale samaki wa njano uliotuachia kwenye tangi la kioo, ndugu zake perege, wamezaa. Jike aliacha kula, taya likavimba, nikadhani naye anakufa. Muuza samaki akanicheka: kumbe amebeba mayai mdomoni, na hatakula mpaka watoto waweze kuogelea. Tukamtenga kwenye tangi dogo. Wiki ya tatu akawatema, wadogo kuliko punje za mchele.

Sasa Baba unamjua. Fundi bomba hata akistaafu haamini maji yasiyokwenda kasi. Akawafungia pampu yake kubwa ili wapate maji safi. Asubuhi tukakuta kumi na mmoja wamefyonzwa ndani ya chujio. Alishinda kitandani, hataki chai wala maneno. Mimi nililia jikoni.

Nilishona kifuko cha kitambaa chepesi, nikakivika mdomo wa pampu. Tangu hapo Baba huwasagia kiini cha yai, chembe chache mara nne kwa siku, na kuwabadilishia maji kikombe kwa kikombe, ingawa kila kikombe kinamkata pumzi. Wamebaki ishirini na sita, na wote wanakua.

Jana muuza samaki alikuja kuwaona, akaomba tumwachie wote. Baba akatikisa kichwa.

“Hawa wana mwenyewe,” alisema. “Yuko mbali, lakini yupo.”

Mgeni alipoondoka, Baba akaniuliza safari ya kutoka huko inachukua siku ngapi. Nikamwambia mbili. Akaniomba nimsogezee kiti karibu na tangi.

Mdogo wangu, naogopa. Njoo angali anauliza.

Wasalimie mkeo na wanao. Shangazi yao anawakumbuka kila siku. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Wako akupendaye,
Dada Sindano