Kwa Abelardo, Aliyejifunza Puli Jikoni

Hebu tuambie, Abelardo, huko uliko meza za puli zimenyooka? Maana ile ya ukumbi wa Evelio ulikuwa ukiinung'unikia kila ukirudi nyumbani, kwamba imeinamia upande wa mlango na mipira inakimbilia barabarani kama mbuzi waliofunguliwa.

Mwaka umeshatimia tangu ututoke, na kibanda chako cha viatu bado kimefungwa. Watu wa hapa mjini Líbano wanakukumbuka ulivyowashonea soli watoto wa shule bila kuwasumbua wazazi wao. Wanakukumbuka kwa puli pia. Ila mkeo Edelmira anakukumbuka tangu ulipokuwa huijui.

Ulikuwa ukipiga kwa nguvu zote, na kichwa unakiinua mapema uone mpira umekwenda wapi. Gildardo, rafiki yako na mtani wako, alipaza sauti mpaka duka la dawa wakasikia: "Abelardo, bwana, huo ni mpira, si msumari wa kiatu! Unaugongea nini?"

Hukukasirika. Ulimwomba Edelmira chupa tupu, ukailaza juu ya meza ya jikoni. Yeye akaishika isiviringike, nawe ukawa unaingiza fimbo ya puli mdomoni mwa chupa na kuitoa, taratibu, isiguse kioo. Ilikuwa hivyo kila asubuhi, kahawa ikishanyweka, kabla hujaenda kibandani. Mvua inyeshe, homa ikushike, chupa ilikuwa mezani. Ikilia, mkeo alisema, "Kiwiko kimekutoka mstarini." Nawe ulijibu, "Kweli, Mira. Tuanze tena."

Ulimfundisha bila kujua. Miguu iwe imara, kidevu kikaribie fimbo, na mpira ukishaondoka wewe ubaki umeinama vilevile. "Si nguvu," ulikuwa ukisema. "Ni kurudia lile lile mpaka mkono uache kubishana nawe."

Mwishowe ukamshinda Gildardo mbele ya watu. "Wewe umekwenda kwa mganga gani?" akauliza. "Nimekwenda jikoni," ukamjibu. Ulirudi unacheka peke yako njia nzima, ukala arepa zako, mikate ya mahindi, na jibini, ukamsimulia mkeo pigo baada ya pigo.

Alifurahi, mzee. Lakini alitamani siku moja umpe naye fimbo. Wanawake wa hapa huishia mlangoni pa ukumbi, na hata jikoni kwake mwenyewe alishika chupa tu. Neno lilikuwa likifika ulimini, analimeza. Ukaondoka hajalitoa.

Sasa nyumba imekuwa kimya. Asubuhi anakunywa kahawa upande wake wa meza, na hana wa kumwambia kiwiko kimemtoka.

Tunaokukumbuka ni mkeo Edelmira, wanao Jairo na Nubia, mkweo Consuelo, wajukuu zako wote, dada yako Ofelia aliyeko Ibagué, na Gildardo, anayesema naye ni ndugu, basi tumemwandika. Siku zote umo mioyoni mwetu.

Na hili tumeona ulijue. Jumapili, baada ya misa yako ya mwaka, tulikwenda kwa Evelio, maana desturi ni mtu wa nyumba ya marehemu apige mpira wa kwanza. Jairo akapewa fimbo yako. Akavuta pumzi, akapiga, na mpira mweupe ukaruka mezani ukaangukia chini ya viti.

"Damu ya baba haimo humo!" Gildardo akapiga kelele. "Huyu kamfuata mama yake!"

Wanaume wakacheka. Edelmira alikuwa mlangoni, kajifunga shali yake nyeusi. Evelio akamwona.

"Mama, mbona umesimama? Nikuletee kahawa hapo hapo?"

Edelmira akavuka kizingiti.

"Kahawa nimekunywa," akasema. "Leteni hiyo fimbo. Nataka kucheza. Nilitaka tangu Abelardo yu hai, na hakuna aliyeniuliza."