Wanataka Kumpiga Marufuku Sukari Wangu

Jumatano. Joto la Durban limenibandika nguo mgongoni tangu asubuhi, na upepo unaotoka upande wa viwanda unatuletea ile harufu ya mafuta ambayo sisi wa mtaa wa Bluff tunajifanya hatuisikii. Sijatulia leo. Tangu nirudi kutoka kazini nimefua mashuka yaliyokuwa safi. Nimepika maharage nikasahau chumvi. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Tatizo ni Sukari.

Kwa msiomjua, Sukari ni mbwa wangu, jike, rangi ya sukari guru, kichwa kikubwa kama sufuria ya kusongea ugali. Mume wangu Déo ni mlinzi kwenye ghala moja kule Mobeni. Kampuni iliyokuwa hapo zamani ilipohama ilibeba viti, meza, hata balbu, ila mbwa ikamwacha kwenye mnyororo. Déo akaja naye nyumbani. Nilipiga kelele jioni nzima, nikaapa kwamba mbwa huyo halali kwangu. Asubuhi nilikuwa nampozea uji.

Watu wakimwona wanasema pitbull. Daktari wa mifugo alisema ni mchanganyiko, labda damu hiyo anayo, labda hana. Ninachojua mimi ni kwamba anaogopa tumbili. Huku kwetu tumbili wanaingia jikoni kuiba mkate, na huyo muuaji wenu anajificha nyuma ya friji mpaka waondoke.

Sasa watu wanadai sheria. Redioni, dukani ninakouza simu kule South Beach, kwenye taxi, kila mahali ni hayo hayo: pitbull wapigwe marufuku, wenye nao wawatoe. Na najua imetoka wapi. Kuna mtoto aliuawa na mbwa, mbali na hapa. Ile habari nilianza kuisoma nikazima simu kabla sijafika mwisho. Mimi ni mzazi. Siwezi kumwambia mama wa yule mtoto anyamaze.

Lakini sheria ya kuhukumu sura siikubali. Siikubali hata kidogo.

Nani ataamua huyu ni pitbull na huyu siyo? Afisa atakayekuja na picha mkononi? Mtaa wa juu kuna mbwa wa aina ya boerboel, mkubwa kama ndama, huyo hatajwi na mtu. Na wale wanaofuga mbwa wa kupiganisha, mkiwakataza aina hii watatafuta nyingine kesho yake, watazifundisha ukali ule ule. Sheria imshike mwenye mbwa! Awe na uzio, awe na mkanda wa kumtembezea, amhasi, na mbwa wake akimuuma mtu alipe yeye, afungwe yeye. Hayo nimeyasema dukani mpaka wateja wananikimbia. Mwenzangu wa kaunta ya pili ameniambia, eish Mama Aline, mtu amekuja kununua chaja tu.

Haya yote yangekuwa maneno ya dukani kama si Anti. Anti ndiye mwenye nyumba yetu, mama wa Kihindi wa hapa hapa Durban, mtu mpole, huwa anatuletea biriani siku zake za sherehe. Jumamosi alikuja akasimama uani, mikono kifuani. Hataki matatizo. Akasema kufikia Ijumaa majirani wa pande zote mbili wamwambie kwa midomo yao kwamba hawaogopi, la sivyo mbwa aondoke, au tuondoke sisi.

Chumba kingine tutapata wapi, wageni wenye mtoto na mbwa wa sura ile? Na Sukari akiondoka ataenda wapi? Nimepiga simu kule wanakopokea mbwa. Msichana alikuwa mwema, hakunificha. Mbwa wa namna hiyo siku hizi hawachukuliwi na mtu. Wakijaa sana, wanachomwa sindano ya kuwaua.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini sikai.

Jirani wa upande wa juu, Baba Mkhize, alicheka tu. "Hayi, huyo? Huyo ni mtoto mchanga." Sharp, kama wasemavyo huku, huyo amepita. Wa upande wa chini ni Mama Gloria, Mkongomani kama mimi, tena wa Uvira kama mimi, tunaimba sauti moja kwenye kwaya. Nikajua huyo nimeshampata.

Ndipo ikaja Jumapili.

Baada ya ibada, wakati wa matangazo, Mama Gloria akasimama. Akasema sisi ni wageni katika nchi hii, tusijitafutie maneno. Wenye mbwa za hatari wazitoe mapema, isije ikasemwa wageni ndio wanaofuga wauaji. Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji jina, macho yote yalinigeukia mimi.

Kwetu ukiwa na neno na mtu unamfuata kwake, unakaa, unaulizia watoto, halafu ndiyo unasema. Hilo nililijua. Lakini damu ilishanipanda. Nikasimama palepale. Nikasema sisi tunajua maana ya kuhukumiwa kwa aina. Wenyeji wakipita mitaani kupiga kelele kwamba wageni waondoke, hawaulizi huyu ni nani na amefanya nini, wanaangalia uso na wanasikiliza lugha. Nikasema, basi na Sukari ni vilevile, ni kama sisi tu.

Laiti ningeishia kabla ya hayo maneno ya mwisho.

Mtu wa kwetu mwite mwizi, mtagombana yaishe. Mwite mbwa, na umwite mbele za watu, hata wajukuu zake watakuwa hawakusalimu. Papa mmoja, mzee wa viti vya nyuma, akapaza sauti: "Tumekimbia vita, tumefika mpaka huku, na leo mwenzetu anatuita imbwa ndani ya kanisa!" Mchungaji akasema, "Mama Aline, kaa chini." Nikakaa.

Jioni hiyo nikatolewa kwenye grupu ya kwaya. Déo hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Uliongea kweli, lakini uliwaongelea vibaya."

Bado naamini nilikuwa na haki. Naandika hivyo hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikalisha chini.

Leo nikapunguza kiburi. Nilipotoka kazini nilipitia kwa mama anayeuza vyakula vya kwetu, nikachukua unga wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa kwetu, nikaenda kwa Mama Gloria. Aliniacha nimesimama mlangoni. Mfuko hakuupokea. Kwetu asiyepokea bado hajakubali kukusikia, kwa hiyo niliendelea kuushika kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Nikaomba msamaha. Nikasema sikuwaita mbwa, nilitaka kusema kinyume chake, ulimi uliniponyoka. Akaitikia kwa kichwa.

Ningeondoka hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini mimi ni mimi. Nikaanza tena: tatizo si aina, Mama Gloria, tatizo ni mwenye mbwa, watu wamwangalie mwenye mbwa.

"Ni kweli," akasema.

Nikashangaa.

"Mimi pia habari ya aina siiamini. Imbwa iliyoniuma Uvira ilikuwa kadogo hivi, kama paka." Akashusha mkono kuonyesha. Halafu sauti yake ikabadilika. "Wiki iliyopita Gloria alitoka shule, akakuta ile imbwa yako inje, imelala njiani. Geti yenu haifungi, mumeifunga na waya. Mtoto akaogopa, akapita katikati ya barabara, kwenye magari. Weye ulikuwa kwa dirisha. Ulimuona. Ukacheka, ukamwambia haiumi. Sasa unasema tuangalie mwenye imbwa. Haya, Mama Aline. Mimi nimekuangalia."

Nikasema, "Ni kweli, Mama Gloria."

Kwa sababu nakumbuka. Namkumbuka Gloria na begi lake la pinki, amejibana mabega. Nilicheka kweli. Nilisema, "Usiogope wee, haumi huyo!" Ni neno ambalo kila mwenye mbwa analisema. Na mwenye yule mbwa wa kwenye habari, ile niliyoshindwa kuimaliza, nina hakika naye aliwahi kulisema, na alikuwa analiamini kama mimi.

Mama Gloria aliupokea mfuko mwishowe. Akasema Ijumaa ataongea na Anti, na atasema kile atakachokuwa ameona. Hakuahidi zaidi ya hapo. Tukaagana kwa mkono, bila kukumbatiana.

Niliporudi nyumbani sikuingia ndani. Nilisimama nje barabarani, mahali alipokuwa mtoto, nikalisukuma geti letu kwa kidole. Waya ukaachia. Sukari akatoka mbio, mkia unacheza, akanipita mimi mwenyewe anayenipenda, akakimbilia katikati ya barabara kumsalimia mtu aliyekuwa anapita na baiskeli. Yule bwana akaruka, baiskeli ikaanguka huku, yeye kule. Hakuumia. Sukari alimlamba kiatu. Lakini niliona uso wa yule bwana kabla ya kulambwa, na safari hii sikucheka.

Nimemfungia jikoni. Analalamika, anakwaruza mlango, hajui kosa lake, na kweli hana.

Ile sheria bado naipinga. Nitaipinga dukani, nitaipinga kwenye taxi, na wakikusanya sahihi za kuikataa nitakuwa wa kwanza. Ila kesho siendi kazini. Naenda kununua bawaba, kufuli na komeo la chuma, na Déo akiamka tutalitengeneza lile geti mpaka hata mimi nishindwe kulisukuma. Na mkanda wa kumtembezea. Na nitamwomba Mama Gloria amlete mtoto, ikiwa mtoto mwenyewe anataka, nimwombe msamaha yeye, maana ndiye niliyemkosea.

Sijui kama itatosha. Siku zenyewe zimebaki chache na hofu ya mtoto haina kufuli. Naogopa. Lakini kama Ijumaa Mama Gloria atasimama mbele ya Anti na kusema bado wanaogopa, sitasema anadanganya.