Neno Moja Katika Wimbo wa Baba Mkwe

Mpendwa Shangazi Bila Sukari,

Naomba unisaidie kabla Krismasi haijafika, maana zimebaki wiki tatu na mimi nimeshika kichwa, na usicheke ukisikia kwamba kilichonifikisha hapa ni wimbo, kwa sababu hata mimi ningesomewa barua kama hii nikiwa kazini ningecheka mpaka kitana kinidondoke.

Mimi ni msusi. Saluni yetu ina viti vitatu, mashine mbili za kukaushia nywele, moja inafanya kazi na nyingine ni ya kutundikia mikoba, na redio ambayo ikiingia Desemba haina jingine ila nyimbo za Krismasi, tangu tunafungua mpaka tunafunga, kwa hiyo wateja nao wamejizulia mchezo, kila anayekaa kitini lazima ataje wimbo wa Krismasi anaoupenda kuliko zote na ule ambao akiusikia anatamani kuivunja redio. Mwalimu mmoja wa chekechea anapenda ule wa wachungaji kwa sababu ulikuwa unapigwa siku aliyochumbiwa, na mama muuza samaki hataki kabisa kusikia wa theluji, anasema, "Theluji mimi naikwangua kila asubuhi kwenye friza, mikono inakufa ganzi, hakuna cha kuimbia pale," watu hoi. Mimi nikiulizwa najibu nazipenda zote, huku mkono umekaza kwenye kichwa cha mtu mpaka analalamika, "Dada, taratibu, hizo ni zangu, za kuzaliwa nazo."

Ukweli ni kwamba kuna mmoja siupendi hata kidogo, na ni wa baba mkwe wangu. Ameutunga mwenyewe. Ni mwalimu wa kwaya kanisani kwetu tangu mume wangu akiwa mdogo, na Krismasi haiwi Krismasi bila wimbo ule. Ni wimbo wa kuulizana. Sauti ya kwanza wanaanza, "Mtoto amelazwa," sisi wa sauti ya pili tunauliza, "Amelazwa wapi?" nao wanatujibu, "Horini, horini," basi hivyo hivyo mpaka mamajusi wafike na wote tuungane. Nilipoolewa ndio ulikuwa wimbo nilioupenda kuliko nyimbo zote, nilikuwa nasuka nikiuimba hata mwezi wa sita.

Sasa sikiliza, Shangazi. Miaka minne iliyopita, binti yetu akiwa na miezi kumi, ilikuwa Jumamosi ya mazoezi ya mwisho, nikamwacha na baba yake, alikuwa na mafua na nikasema ni mafua tu, nikaenda. Siku hiyo baba mkwe alikuwa mkali kwelikweli, sauti ya kwanza walikuwa wanaingia kabla ya wakati, tukarudia na kurudia, na katikati ya kurudia huko simu ikatetemeka mkobani, ujumbe wa mume wangu, maneno mawili tu: "Mtoto amelazwa." Mimi nikacheka, Shangazi. Nikadhani amemlaza kitandani na ananitania kwa wimbo wa baba yake, maana utani ndio zake, nikamjibu, "Haleluya! Na wewe jilaze," nikarudisha simu mkobani nikaendelea kuimba. Narudi nyumbani saa kumi na moja jioni nakuta mlango umefungwa, mama wa jirani anaanua nguo, ananitazama juu mpaka chini. "We, unatoka wapi? Mtoto si amelazwa hospitali tangu saa nane?"

Nimonia. Alikuwa amewekewa oksijeni. Niliingia wodini karatasi ya nyimbo bado iko mkononi, na mume wangu hakuniuliza kitu, alinipisha kwenye kiti basi. Tulikaa siku sita, Krismasi ikatukuta humo humo, mtoto akapona, namshukuru Mungu, leo hata kikohozi hana na anaongea kutwa mpaka tunamwita Kasuku. Lakini ile Haleluya yangu hatujawahi kuizungumza. Sijamwambia mume wangu kwamba sikuelewa, naye hajauliza, na ninachoogopa ni kwamba anaamini nilisoma mwanangu yuko hospitali halafu nikachagua kwaya. Tangu siku ile hajaniandikia ujumbe hata mmoja. Ni fundi wa friji, kutwa nzima amelala chini ya mashine za watu, lakini hata akitaka tu ninunue kitunguu lazima apige simu, na nisipopokea anapiga tena.

Basi kila Desemba koo langu linaugua. Miaka mitatu mfululizo nimejifunga skafu na kunywa tangawizi ya uongo, Krismasi ikipita koo linapona. Mwaka huu mambo yameharibika. Baba mkwe mikono inamtetemeka, ametangaza kwamba hii ndiyo Krismasi yake ya mwisho kuongoza kwaya, na wimbo wake amempa Kasuku auanze peke yake, mbele ya watu wote, na Kasuku amekataa katakata kusimama bila mimi, anasema, "Mimi nitasema, mama ndiye ataniuliza." Halafu Jumapili iliyopita tuko kwa baba mkwe tunakula, wifi yangu, ambaye namsuka mimi mwenyewe, akauleta mezani ule mchezo wa saluni. Watu wakataja, wakacheka, zamu yangu ikafika, na sijui nini kilinipata, uongo uligoma kutoka. Nikasema, "Nisioupenda ni wa Baba."

Mume wangu akainuka kwenda kulikagua friji la baba yake ambalo halina ugonjwa wowote. Baba mkwe alicheka, lakini kicheko cha kukatika, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kasoro iko kwenye sauti au kwenye maneno?" Nikajibu, "Neno moja tu, Baba," nikashindwa kuendelea, nikakimbilia vyombo.

Tangu siku hiyo mzee analitafuta hilo neno. Amemtuma Kasuku mara tatu na karatasi ya wimbo. Mara ya kwanza alikuwa amepigia mstari "horini", Kasuku ananiuliza, "Babu anasema, ni hili?" Mara ya pili "mamajusi". Jana hakupigia mstari popote, ameandika chini kwa penseli, mwandiko unayumba: "Nimeshindwa kuliona. Tutaimba mwingine. Sitaki mwanangu asimame aimbe kitu kinachomchoma." Nilisoma nikiwa nasuka, nikalia juu ya kichwa cha mteja.

Shangazi, nimtajie neno lolote alibadilishe yaishe? Au niseme kweli, wote wajue mimi ni mama wa namna gani, na mzee wa watu amalize kazi yake akijua wimbo wake ndio ulionipoteza? Au niugue koo kwa mara nyingine, na Kasuku nimwambie nini?

Ni mimi,
Msusi wa Sauti ya Pili

*

Msusi wangu,

Kwanza umwombe radhi huyo mteja, nywele hazisukwi kwa maji ya chumvi. Na kwa kuwa mchezo wenu umefika mpaka mezani kwangu, mimi nisioupenda ni ule wa kengele, jirani yangu ameufanya mlio wa simu na simu yenyewe hapokei.

Pole, mwanangu. Nasema pole ya dhati. Nilipofika kwenye oksijeni niliiweka barua yako chini, nikatoka nje kidogo, ndipo nikarudi kuimalizia. Hakuna mama anayestahili kupokea habari ya mwanawe kutoka kwa mtu anayeanua nguo.

Lakini sasa tusemezane. Kosa lako la siku ile ni dogo kuliko mzigo unaoubeba. Lugha yetu humlaza mtoto kitandani na humlaza hospitalini kwa neno lile lile, na wewe mchana kutwa ulikuwa unaimba la kitandani. Ungelijuaje la pili? Huyo mumeo naye umwambie Shangazi amesema habari ya hospitali haiandikwi kama kichwa cha wimbo. "Tuko hospitali, njoo." Ni maneno matatu, na yanaandikika hata ukiwa umebeba mtoto mkono mmoja.

Kosa lako kubwa ulilifanya baadaye, na hapo ndipo ninapokuvuta sikio. Miaka minne! Wewe ambaye kazi yako ni kufumua vichwa vya watu vilivyofungamana, fundo lako mwenyewe umelifunga skafu. Unamwogopa mumeo kwa hukumu ambayo hajaitoa. Hebu rudi kwenye barua yako usome ulichoandika. Mtu mwenye kinyongo na mkewe hapigi simu mara mbili kwa ajili ya kitunguu. Mimi pale namwona mtu anayeuogopa ujumbe wake mwenyewe. Huenda alijua siku ile ile kwamba hukumwelewa, na miaka yote hii anajilaumu kwa yale maneno mawili wakati wewe unajilaumu kwa ile Haleluya, mnalala kitanda kimoja kila mtu na kesi yake. Naweza kukosea, simjui. Anayejua ni yeye, na hajaulizwa.

Halafu mzee. Hapa nimekasirika, sikufichi. Mtu mikono inamtetemeka, unamwacha ahangaike na penseli kutafuta neno ambalo unalijua, na tarishi ni mtoto yule yule! Ukimtajia neno la uongo atalifuta neno lisilo na hatia, na lile linalokuchoma litabaki mahali pake likikusubiri mwakani. Unaogopa ukweli utamvunja. Mwanangu, mtu aliyekuandikia kwamba yuko tayari kuuacha wimbo wake ili wewe usichomeke, huyo havunjwi na ukweli. Kinachomtesa ni kutojua amekukosea nini.

Basi fanya hivi. Mumeo akipiga simu ya kitunguu, mwambie apitie saluni mkakinunue pamoja. Akifika, zima hiyo redio, mkalishe kwenye kiti cha wateja, na wewe ukae. Anza na sentensi hii: "Siku ile nilidhani umemlaza kitandani." Usitangulize mafua, usitangulize mazoezi, wala usianze kujitetea. Ikishatoka, nyamaza. Mwache aseme yake, na kama yatauma, vumilia, yameshakaa ndani miaka minne na hayatatoka yakiwa laini. Ukisikia hasira, usirudi kwenye skafu. Kaa hapo mpaka mmalize.

Kesho yake nendeni wawili kwa mzee, Kasuku abaki kwa wifi yako. Chukua ile karatasi, weka kidole chako mwenyewe kwenye neno "amelazwa" umsimulie. Akitaka kulibadilisha, penseli ni yake na wimbo ni wake. Akitaka kuliacha, liacheni. Mwambie pia kwamba ulikuwa unasuka ukiuimba hata mwezi wa sita, maana hilo hajawahi kulisikia, naye anastaafu. Na tangawizi irudishe kwenye chai, haijakukosea.

Kuna kitu kimoja nadhani hukukiona wakati unaandika, nami nimekisoma mara tatu. Sehemu yako katika wimbo ule ni swali. Mchana ule ulisimama mbele ya mwalimu wako ukauliza, "Amelazwa wapi?" pengine mara ishirini, na mtu mmoja aliyekuwa na jibu hukumuuliza hata mara moja. Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba mimi siamini ni neno la mzee linalokuziba koo. Ni hilo swali lako, limekwama hapo tangu Jumamosi ile.

Mwaka huu liulize. Simama karibu na Kasuku, mshike bega. Akishasema, "Mtoto amelazwa," muulize wapi, kwa sauti yako yote, mpaka mumeo aliyekaa nyuma asikie. Jibu lisikuogopeshe. Mtoto mwenyewe atakuwa amesimama mbele yako, mzima, akisubiri kukujibu.

Shangazi Bila Sukari